Taji Kutoka Kawempe

Tuliliacha taji likiwa hewani, shubiri moja juu ya wigi la Mama Goretti, na sauti mlangoni imenguruma: "Shusha hiyo kitu!"

Najua wengi wenu mlishaamua kwamba ni Anselme. Wiki nzima mmenisimamisha njiani kuniambia kijana amekuja kumwokoa mchumba wake. Poleni sana. Anselme alikuwa stoo, nyuma ya ukumbi, amefungiwa pamoja na magunia ya makaa, na walinzi wa Bwana Oola wameketi mlangoni wanatafuna karanga. Shujaa wenu hakuwa na hata pa kunyoosha miguu.

Aliyepiga kelele alikuwa bibi kizee mwenye sweta la kijani, raba miguuni na mfuko wa plastiki mkononi. Jina lake Lakica, mdogo wa marehemu Abwola aliyemzaa Goretti. Alikuwa ametoka Kitgum kwa basi, na mwaliko hakupewa, kwa sababu Goretti alisema bibi huyu ana mdomo.

Aliyeliokota gazeti hili leo hii kwa kinyozi, nimweleze upesi tusicheleweshane. Mama Goretti ni mjane wa sajini wa polisi, ana nyumba ya kupangisha hapo Kisugu na kiburi kisichopata mpangaji. Mwaka jana alikwenda Kitgum kumzika mama yake, na makaburini akasikia waombolezaji wanamwita marehemu Rwot. Basi! Goretti amezaliwa kambi ya polisi, amekulia kambini, ameolewa kambini. Lugha yake ni Kiswahili cha kambini, na Kiacholi chake kinaishia kwenye salamu na matusi. Neno Rwot analijua la kanisani tu, anapoitwa Bwana Mungu mwenyewe. Akarudi Kampala kichwa hakiingii mlangoni. Mama yangu alikuwa Rwot, akasema, kwa hiyo mimi ni malkia.

Angeachwa aseme peke yake, angechoka. Lakini mji huu haukosi wa kukusaidia ujinga wako. Akatokea "Profesa" Ulrich, Mkongo mwenye suti nyeupe na chuo kisichojulikana, ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu ukoo wa kifalme kama madalali wengine wanavyowatafutia watu vyumba. Akatokea pia Bwana Oola, mwenye kampuni ya walinzi, anayeutaka ubunge wa huko kaskazini kwao ingawa njia ya kwenda haijui bila kuuliza. Aliambiwa wapiga kura wa kule wanaheshimu damu. Akaenda kutafuta damu, akaipata kwa Akidi, binti pekee wa Goretti.

Akidi anatengeneza simu Kabalagala na anampenda Anselme, kinyozi wa Namuwongo, mkimbizi kutoka Kivu. Lakini mpango ulikuwa umeshapangwa. Taji likigusa wigi, neno la kwanza la malkia mpya lingekuwa kumtoa binti yake kwa Oola mbele ya watu wote, na malkia akishasema hadharani, nani angembishia? Hapo ndipo tulipo.

"Shusha," Lakica akarudia. "Wewe na suti nyeupe. Nasema na wewe."

Ulrich hakushusha. Mikono ilianza kumtetemeka, maana taji lile lilikuwa zito. Lilitengenezwa Kawempe, kwa fundi anayetengeneza vikombe vya mashindano ya mpira, na ukilikaribia unaona mahali masikio mawili ya kushikia yalipokatwa, hayakusuguliwa vizuri.

"Karibu sana, Mama," akasema kwa sauti ya redio. "Weye ni nani?"

"Dada ya Abwola. Na huyu unataka kuvalisha sufuria ni mutoto yangu."

Watu wakacheka. Goretti hakuweza kugeuza shingo, akaongea akitazama mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. "Mama mdogo, tafadhali. Kaa chini. Usiniaibishe."

"Nikuaibishe mara ngapi? Umeshamaliza mwenyewe."

Angekuwa tapeli mwingine, hapo angekimbia. Ulrich ni wa daraja la juu. Aliinua taji juu zaidi na kupaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Shahidi amefika! Dunia imemujua Malkia wa Sheba, imemujua Kleopatra, imemujua Nzinga wa Angola. Lakini bale bote nani alibaletea shahidi wa damu? Leo dada ya malkia amesafiri mwenyewe kutoka kaskazini! Mama, sema mbele ya batu bote. Dada yako Abwola alikuwa Rwot, ao hakuwa Rwot?"

Niseme wazi hapa, malkia mimi siwapendi, na kuwataja kwa mkupuo namna ile kunanitia kichefuchefu. Sheba alikwenda kwa mfalme na ngamia wamebeba dhahabu, watu wakamsifu kwa hekima. Mwenye dhahabu lini amekosa hekima? Nzinga, wanasema, alimkalia mtumishi wake mgongoni kwa sababu Wareno walimnyima kiti. Habari hiyo inasimuliwa mpaka leo kwa fahari, na mgongo uliokaliwa hauulizwi. Ulrich aliposimulia kisa hicho kwenye mazoezi, Goretti alikipenda sana, akataka na yeye akalie mtu. Wapangaji wake wote wakasema wana mgongo mbaya. Ndiyo maana alikalia kiti cha plastiki kilichofunikwa satini.

Tuendelee. Swali lilikuwa limeulizwa na ukumbi mzima umetega sikio.

"Alikuwa," Lakica akasema. "Abwola alikuwa Rwot."

Vigelegele! Wanawake wa mstari wa mbele wakainuka, mwenye kinanda akabonyeza chochote. Mama Goretti akafumba macho kwa raha.

Akidi yeye alimkodolea macho bibi. Ni yeye aliyempigia simu bibi huyu kwa siri na kulia, Jaja njoo, njoo uwaambie ukweli kabla sijauzwa. Jaja amekuja, ukweli ameusema, na ukweli wenyewe umemmaliza.

Oola alikuwa ameshasimama na kufunga kifungo cha koti. Akamshika Akidi kifundo cha mkono.

"Mumesikia wenyewe? Damu ni damu. Kuja hapa, prinsesi."

"Niache."

"Mama yako akivaa tu hiyo kitu, wewe iko yangu. Kwa nini unajisumbua?"

"Jaja!" Akidi akapiga kelele. "Ndiyo umetoka Kitgum kuja kusema hivyo?"

"Sijamaliza," Lakica akasema. Akavuta kiti, akaketi, akavua raba moja na kukung'uta mchanga. "Basi ilikuwa na vumbi. Nipe maji kwanza."

Akaletewa maji. Akayanywa pole pole huku mikono ya Ulrich inatetemeka na taji linatetemeka nayo.

"Alikuwa Rwot," akasema. "Rwot okoro."

Ulrich alilidaka neno kabla halijatua. "Okoro! Mumesikia jina? Okoro Mukubwa! Mimi kwa utafiti yangu nilimukuta. Alitawala kutoka mto mupaka mto, adui banamukimbia!"

"Okoro, ndiyo," akadakia Oola, na kukunja uso kama mtu mwenye kumbukumbu. "Hata kwetu jina hiyo ni kubwa. Babu yangu alikuwa ananitajia sana Okoro."

Goretti naye machozi yakamtoka. "Okoro babu yetu," akasema kwa sauti ya kuvunjika. "Hata mimi nilikuwa naota yeye. Mwanaume mrefu, na mkuki."

Maji yalimpalia Lakica. Alikohoa, akacheka, akakohoa tena, mpaka Akidi akajinasua kwa Oola na kwenda kumpiga mgongoni.

"Okoro ni konokono," bibi akasema alipopata pumzi.

"Konokono gani?" Oola akauliza.

"Konokono! Hii inatembea na nyumba yake. Ile gamba yake ndiyo okoro. Babu yako alikuwa anakutajia konokono?"

Wanawake wa mstari wa mbele wakaketi. Nilivyoambiwa, hata mwenye kinanda aliondoa vidole.

"Rwot okoro ni mwanamuke wenzake wanachagua, anaongoza wao kwa shamba," Lakica akaendelea, sasa anafurahi kabisa. "Leo tunapalilia kwa nani, kesho tunavuna kwa nani. Nani ameamka, nani amejificha na kusema mutoto iko na homa. Hiyo ndiyo kazi Abwola alifanya, na alikuwa mukali! Ukichelewa hata mvua hawezi kukusaidia."

"Lakini makaburini walimwita Rwot," Goretti akasema. "Nilisikia na masikio yangu. Watu walikuwa wanalia."

"Walilia kwa sababu walimupenda. Wewe nani amekuchagua? Umepalilia na nani?"

"Cheo inarithiwa, Mama mdogo. Ni damu."

"Damu ya konokono? Wanamuke wakichoka na wewe, wanatoa wewe, wanaweka mwingine. Saa hii tayari iko mwingine."

"Banange!" sauti ya kwanza ikatoka nyuma. Kisha kijana mmoja asiye na adabu, Mungu ambariki, akasimama juu ya kiti: "Malkia wa Konokono!" Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani.

Na mimi nilicheka niliposimuliwa, lakini nilimcheka Goretti, sikumcheka marehemu. Katika majina yote aliyoyamwaga Profesa, sijui hata mmoja aliyechaguliwa na wale waliomlimia. Abwola alichaguliwa. Binti yake kalipata jina lile, akaona aibu kuuliza maana yake kwa sababu angejulikana hajui lugha ya mama yake, akaenda kumuuliza Mkongo.

Kilichomuuma zaidi Oola ni yule babu wa kumtajia Okoro.

"Profesa! Uliniambia damu."

"Muzee, utafiti iko na hatua. Hii ni hatua ya kwanza..."

"Mimi nimeletewa mukulima! Nikisimama kule kwetu kuomba kura, niseme nimeoa nani? Binti ya konokono?" Akamgeukia dereva wake. "Ng'ombe zisishuke kwa lori. Sioi mimi."

"Mheshimiwa, bambi, tafadhali," Goretti akaanza, "tuongee kidogo pembeni..."

"Sioi, nimesema!"

Akidi alisikia neno hilo na mwili mzima ukawa mwepesi. Sijui kama mmewahi kukataliwa na mtu msiyemtaka. Ni furaha isiyo na mfano. Alicheka mpaka machozi, akamkumbatia Lakica, akambusu kichwani, kisha akakunja gauni lile zito la kifalme mpaka magotini na kukimbilia stoo.

"Fungua," akawaambia walinzi wawili wa karanga.

"Hatujapewa amri, dada."

"Bosi wenu amesema hanitaki. Hamjasikia?"

"Wewe tumesikia. Kinyozi hatujasikia."

Alikuwa bado anabishana nao mlango mkubwa ulipofunguka mara ya pili, na safari hii hakuna aliyenguruma. Mwanamke mwembamba alikuwa anapita katikati ya ukumbi na beseni la mukene kichwani, wale dagaa wakavu mnaowajua. Kitenge chake kilikuwa kimefifia. Miguu ilikuwa na tope la Namuwongo, na zulia jekundu la kukodi likapigwa mhuri kila alipokanyaga.

Ni Mama Julienne, anayeuza kando ya reli. Mama yake Anselme.

"Banasema mumefungia mutoto yangu," akasema. Hakupaza sauti. "Iko wapi?"

Mtu aliyeaibishwa hutafuta wa chini yake amkanyage, na Goretti alikuwa amebakiwa na huyo mmoja tu. Akainuka kwenye satini.

"Wewe muuza samaki! Toa miguu kwa zulia yangu! Harufu yako ilishanitosha siku ile ulikuja kwangu na kuomba binti yangu kwa mtoto yako. Mkimbizi kabisa! Unafikiri hapa ni kambi ya wakimbizi?"

"Sifuate zulia. Nafuata mutoto."

"Profesa, toa huyu mtu!"

Profesa hakuwa karibu naye. Alikuwa anatambaa na ukuta kuelekea mlango wa pembeni, taji kwapani, kama mpangaji anayehama kimya kimya. Alipoitwa aligeuka, na alipogeuka akakutana uso kwa uso na Julienne.

Nimeuliza watu wengi waliokuwapo, na wote wananipa jibu moja. Taji lilianguka. Ulrich alipiga magoti, kichwa kikainama, na mikono ikaanza kupiga makofi ya chini chini, kiganja kwa kiganja, taratibu, namna watu wa milima ya kwao wanavyomsalimu mkubwa wa boma. Akili yake haikuwahi kuizuia mikono. Na mdomo nao ukafuata.

"Mwamikazi."

Miezi yote hii katika hadithi hii Ulrich hajawahi kusema kweli hata kwa bahati mbaya. Aliisema sasa, na alijuta kabla hajalimaliza neno.

Beseni lilitikisika kichwani kwa Julienne, dagaa wachache wakadondoka. "Umekosea, baba. Sikujue."

"Sikosee. Baba yangu alikuwa anapiga ngoma mu lupango, mu boma ya mwami. Nilikuwa mutoto, kila asubuhi nakupigia kofi. Batu banasema ulikufa. Banasema mulikufa bote, weye na batoto."

"Nyamaza."

"Mwami ni nini?" Oola akauliza.

"Ni mufalme," Ulrich akajibu, bado ameinama, na mikono bado inapiga. "Huyu ni bibi ya mufalme wetu. Baliua mufalme, baliunguza lupango."

"Na ile kinyozi?"

Julienne alimtazama Ulrich kwa macho ya kuomba. Ndiyo, kuomba. Mwanamke ambaye askari wa jiji walikuwa wakimwaga dagaa wake chini na haombi. Lakini Ulrich hakuwa anatazama juu.

"Ni mutoto yake ya kiume," akasema. "Yule alibaki."

Hapo, wasomaji wangu, mngependa kuuona uso wa Mama Goretti. Mimi nilisimuliwa tu, na nilikosa hamu ya chakula. Ile dharau ilimtoka usoni kama tone la maji linavyokauka kwenye kikaango cha moto, na mahali pake ikaja tabasamu.

"Fungua stoo!" akapiga kelele.

Ilikuwa amri ya kwanza na ya mwisho ya Malkia Goretti, na ilitekelezwa mara moja. Anselme akatoka mweusi tii kwa vumbi la makaa, macho yanamwuma kwa mwanga. Akidi alitaka kumkumbatia, lakini mama yake alishamtangulia, na pindo la satini mkononi, anamfuta kijana mashavu.

"Mkwe wangu! Bambi, mkwe wangu! Nani amekufungia humu?"

"Ni weye, Mama," Anselme akasema.

"Shetani tu, mwanangu. Shetani tu."

Anselme akamwona mama yake, akamwona mtu mwenye suti nyeupe amepiga magoti kwenye dagaa. "Mama, banafanya nini hapa? Huyu anakupigia kofi kwa nini?"

"Tuende nyumbani," Julienne akasema.

"Anasema mama yako ni bibi ya mufalme!" Oola akamwambia, kwa hamu ya mtu aliyeona kitu sokoni. "Baba yako alikuwa mufalme, kijana!"

"Baba yangu alikuwa mwalimu."

Julienne aliinamisha macho, na kijana akaelewa.

"Mama? Uliniambia mwalimu."

"Nilikuambia kile kingekuacha uishi."

Basi Goretti akapiga magoti. Alipiga magoti juu ya zulia lilelile, kwenye tope la Namuwongo, mbele ya muuza samaki, akanyoosha mikono miwili. "Malkia wangu. Nisamehe. Mimi sikujua. Binti yangu ni wako, mchukue hata leo. Hata sasa hivi."

"Mama, inuka," Akidi akasema.

"Wewe nyamaza! Unajua unasimama mbele ya nani?"

"Mbele ya Mama Anselme. Nilikuwa namheshimu wakati wewe unaziba pua. Inuka, tafadhali, watu wanatutazama."

Goretti hakuinuka. Akidi akamgeukia Julienne, na hapa sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtoto. "Mama, wewe uliniambia nikikukubali na harufu yako ya ndagala, ya hii dagaa, unanikubali. Nilikukubali. Hakuna kitu imebadilika."

Julienne akamshika shavu. Alimpenda binti huyu, na nawaomba mlikumbuke hilo mnapomsikia.

"Mi nilikuwa tayari kukuchukua," akasema. "Jana hata asubuhi ya leo, nilikuwa tayari. Lakini sikia. Bandugu ya bwana yangu baliua batu sababu ya kiti kimoja cha muti. Baliua batoto yangu ndani ya nyumba, nasikia. Huyu nilimubeba mgongoni, nikamufunga kitenge kinywa asilie, tukapita mu migomba. Bale bandugu bangali bazima. Hii jina ikifika kule, batamufuata."

"Mimi sitasema kwa mtu!"

"Weye hapana. Najua. Lakini weye uko na mama."

"Na mimi sitasema!" Goretti akalia kutoka chini. "Naapa! Naapa mbele ya Rwot wa mbinguni, siri hii inakufa na mimi!"

Alikuwa ameinua mkono wa kulia anapoapa. Wa kushoto alikuwa anamwashiria mpiga picha asogee karibu.

Kamera ikawaka.

Julienne alijifunika uso kwa kitenge. Alipokifunua alikuwa ameshaamua.

"Unaona?" akamwambia Akidi, pole pole, kama anayeomba msamaha. "Binti ya mutu wa kawaida ningemuchukua na ndoo yake moja. Binti ya huyu sitamuchukua. Nilishapoteza batoto ba mufalme, inatosha. Anselme, tuende."

"Mama, subiri..."

"Chagua, lakini chagua mbio. Ile picha haitakungoja."

Ukumbi mzima ulimwangalia Anselme. Alimtazama Akidi. Akanyoosha mkono. Akidi akanyoosha wake. Lakini mkono wa kijana ulipita juu, ukaliondoa beseni kichwani kwa mama yake, akalibeba yeye begani.

"Akidi," akasema. "Simu yangu usipige kwanza."

Akamshika mama yake kiwiko na kwenda naye, haraka, bila kugeuka. Sijui kama alikuwa analia. Wanaosema alilia walikuwa mbali, na wanaosema hakulia ni watu wa Goretti.

Akidi alisimama kwa muda ambao mtu anahitaji kuamini kitu. Kisha akavua viatu vya kisigino na kukimbia. "Anselme! Anselme, ningoje!"

Akafika mlangoni, na mlango ukafungwa usoni pake. Wale walinzi wawili wa karanga, waliotoka stoo, walikuwa wameuegemea kwa migongo, na mmoja alikuwa anatazama juu ya kichwa cha Akidi, kumtazama bosi wake aone kama amefanya sawa.

Oola alimpungia kuonyesha amefanya sawa. Alikuwa anafunga tena kifungo cha koti.

"Hebu tufikiri kama watu wazima," akasema. "Kama mutoto ya mufalme alimutaka huyu, basi huyu si kitu ndogo. Hiyo hata kule kwetu naweza kueleza jukwaani. Sasa mimi namutaka tena, na safari hii sitaki shamra shamra. Namuchukua leo." Akamtazama Goretti. "Unasema nini, Mama?"

Mama Goretti hakuinuka. Aligeuka palepale magotini, kutoka upande wa mlango mpaka upande wa Oola, akanyoosha mikono miwili.